Safari ya Kutafuta Kasoro

Anicet akikusimulia habari hii baada ya misa, pale nje ya kanisa lao Houston, huanza kwa kujitukana mwenyewe, asikupe nafasi ya kumtangulia. Husema kwamba mzee mzima, mwenye akili zake na leseni ya kuendesha foklifti, alipanda ndege mbili na treni moja kwenda kutafuta kasoro katika nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kumkosea.

Chanzo kilikuwa Belyse. Belyse ni binti yake wa pekee, nesi, ana miaka ishirini na sita. Huko Lisbon, kwenye mkutano wa vijana Wakatoliki, alikutana na kijana anayeitwa Bertrand, Mrundi kama wao, ila amekulia Ufaransa kwenye milima ya Alps. Kijana ana kazi ya kutengeneza mashine za hospitali, anasali, na kila Jumapili alimpigia simu Dévote, mke wa Anicet, akimwita mama. Anicet alimchunguza mwaka mzima asipate pa kumshikia. Ndipo hofu ilipomwingia. Kwao binti akiolewa huenda kwa mume, na mume huyu alikuwa ng'ambo ya bahari. Kila alipofikiria meza yao ya Stafford, kitongoji cha Houston, ikiwa na watu wawili tu, aliisukuma sahani kando. Lakini mwanaume atasemaje kwamba anaogopa kubaki mezani na mke wake? Alisema tu kwamba anataka kuwajua vizuri hao watu.

Kwa desturi, baba wa kijana ndiye angekuja Texas na wazee wake na vinywaji, akae, aombe, anyimwe kidogo, aombe tena. Badala yake, Severin, baba yake Bertrand, alipiga simu.

"Mimi siwezi kuja sasa, bamwana," alisema. "Njoo wewe kwanza, uone tunapoishi."

Bamwana ni jina ambalo kwa Warundi wazazi wa bwana na bibi harusi huitana. Anicet aliona mzee yule anajiapisha kabla ya uchaguzi. Akaweka akilini: kasoro ya kwanza, hana adabu. Kisha Severin akaeleza kwamba anafanya kazi kwenye kituo cha watalii wa theluji, kwenye lifti ya viti inayopandisha watu mlimani, akauliza kama mgeni wake anajua kuteleza kwa mbao.

"Kidogo," Anicet alijibu.

Theluji aliijua kwa wiki moja tu, ile ya Februari 2021 mabomba yalipopasuka Texas nzima, na wiki hiyo aliimaliza chini ya mablanketi matatu. Ila mtu hamwambii mkwe mtarajiwa kwamba kuna kitu kinamshinda. Heri afe.

Jumamosi iliyofuata aliendesha gari zaidi ya saa nne mpaka Grand Prairie kwa binamu yake, Cyrille, anayefanya kazi katika hoteli moja ya Dallas. Hoteli ile huwagawia wafanyakazi nguo ambazo wageni wamezisahau, na Cyrille alikuwa na ovaroli ya theluji, rangi ya chungwa, ya mtu mwembamba.

"Kaka, ku-ski ni balance tu," Cyrille alimfundisha wakiwa sebuleni, juu ya zulia. "Usi-look down. Ukiona una-slide sana, lean forward, relax."

"Na kusimama?"

"Kusimama kunakuja kwenyewe."

Ni baadaye sana Anicet alipogundua kwamba mwalimu wake aliwahi kuteleza mara moja tu, huko Colorado, akiwa amekalia tairi la mpira. Alirudi Stafford, akavaa ovaroli ile mbele ya mkewe. Zipu ilifika tumboni ikagoma. Dévote alisema amefanana na zile koni za matengenezo kwenye barabara ya 59. Belyse naye alikuwa na jambo la kumweleza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, na Anicet akaitika "yes, yes" huku akivuta zipu.

Kituo kile kilikuwa na jina refu linaloanza na Saint, mtakatifu ambaye Anicet hakuwahi kumsikia hata kwenye litania. Severin alimpokea stesheni kwa gari dogo la zamani. Alikuwa mzee wa makamo yake, mfupi, na kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono. Bertrand alikuwa kazini bondeni, angerudi jioni. Severin alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtaa unaoongea Kiswahili; Anicet alikulia kambini Kigoma. Basi walizungumza Kiswahili, kila mmoja akikiona cha mwenzake kina walakini.

Walipofika, moyo wa Anicet ulifunguka. Alikuwa amekuja kutafuta kasoro, na hapa zilimwagwa. Uwanja wa magari ungetosha magari mia tatu. Yalikuwapo saba, moja likiwa hilo walilofika nalo. Lifti zilikuwa tatu, na mojawapo ilikuwa imefungwa mnyororo tangu zamani. Kwenye mkahawa, zulia la kahawia lilianzia sakafuni likapanda ukutani mpaka dirishani, kama vile fundi alisahau kuambiwa aache. Ukutani palikuwa na picha za watu wenye nguo za kubana na masharubu, wakiruka hewani, wamepauka na jua la miaka arobaini. Mama wa kukatisha tiketi alikuwa anafuma soksi. Hapakuwa na foleni ya kumkatiza.

Anicet alianza kutunga hotuba. Ndugu zangu, tumewapenda, lakini binti yetu hawezi kuishi mahali ambapo zulia linapanda ukutani. Aliirudia moyoni kwa raha. Kilichomuudhi ni kwamba kila mtu alimpenda Severin. Mama wa soksi alimwinukia, na mpishi aliwaletea supu ya vitunguu na jibini bila kuulizwa, akampigapiga mgeni begani, akasema mgeni wa Severin halipi hapa. Supu nayo ilikuwa nzuri. Anicet aliimaliza kwa uchungu.

"Sasa twende juu," Severin alisema. "Umeniambia unajua kidogo. Mimi nitakusindikiza."

Mama wa soksi alimpa Anicet mbao mbili na viatu vizito ambavyo vilimfanya atembee kama mtu aliyepewa habari mbaya. Wakakaa kwenye kiti cha watu wawili, cha mbao, kilichopakwa rangi ya kijani, kikawanyanyua kwa kulalamika. Mwenzake Severin alikuwa chini akishika zamu. Kule juu Anicet alishuka, akainua macho. Milima ilikuwa nyuma ya milima, myeupe mitupu, kimya, bila mtu. Kwao Burundi mtu hutajwa kwa mlima alikozaliwa, na yeye alikuwa amekaa miaka kumi na minane mahali ambapo kilima kirefu ni daraja la barabara kuu. Alitazama mpaka macho yakamchoma. Hii haikuwa kasoro, kwa hiyo aliiruka.

Akapiga moyo konde. Hakutazama chini. Aliinama mbele, akalegea, kama alivyofundishwa.

Kwa sekunde tatu hivi Anicet alikuwa mtelezaji. Hilo hulisisitiza kila anaposimulia. Sekunde ya nne miguu ilitengana, kila mmoja ukashika njia yake. Akaenda kwa makalio, akaenda kwa ubavu, akageuka akawa anakwenda kinyumenyume akimtazama Severin aliyekuwa anapungua ukubwa kule juu. Ovaroli ilipasuka pale ambapo ovaroli haipaswi kupasuka mbele ya wakwe. Alipokwama kwenye rundo la theluji, chali, ubao wake mmoja ulimwacha, ukaendelea peke yake mpaka chini kwa madaha, ukiteleza vizuri zaidi bila yeye. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na yeye hata ukingoni hakufika.

Bibi wawili wa Kifaransa, wa miaka sabini na kitu, walipita taratibu na mbao zao.

"Ça va, monsieur?" mmoja aliuliza kama yu salama.

"Très bien," Anicet alijibu kwamba yu salama kabisa, akiwa chali, akilitazama anga.

Severin alichelewa kidogo, maana alikuja kwa miguu, akizama mpaka magotini na mabuti yake ya kazi. Alifika akihema, akakaa kwenye theluji kando ya mgeni wake.

"Mbao zako ziko wapi?" Anicet aliuliza.

"Sina. Mimi sijui kuteleza."

"Si umeniambia uko hapa miaka ishirini na saba?"

"Mimi kazi yangu kupandisha watu," Severin alisema. "Kushuka ni shauri lao."

Anicet alifikiri kidogo. Baridi ilikuwa inaingia kupitia mpasuko.

"Hata mimi sijui," alisema.

"Nimeona, bamwana."

Walicheka mpaka Anicet akaumwa ubavu ule aliouangukia. Kisha wakajikokota kurudi juu, Severin akibeba ubao mmoja uliobaki, wakapanda kiti cha kurudi chini. Katika kituo kile hakuna anayeshuka kwa kiti, kwa hiyo walikuwa peke yao wakielekea bondeni. Katikati ya njia kiti kikasimama, kikaanza kuning'inia.

"Imeharibika?" Anicet aliuliza.

"Ni mzee, inapumzika. Itakwenda." Severin aliivua kofia yake, akaishika mapajani. "Bamwana, najua nimekuvunjia heshima. Mimi ndiye nilitakiwa nije kwako. Nimeomba viza mara mbili, nimenyimwa. Sasa mtoto anaondoka, na mimi sitaweza hata kwenda kupaona anapolala. Ndiyo nikasema, basi angalau nimwone mtu ambaye atakuwa karibu naye."

"Anaondoka kwenda wapi?"

Severin alimgeukia. "Kwenu, Houston. Karatasi zake za kuhamia si zimetoka wiki tatu sasa? Mtoto wako hakukwambia?"

Alimwambia. Alimwambia mara tatu: mara moja kwenye gari, mara moja jikoni, na mara moja zipu ilipokuwa inagoma. We're staying here, Daddy, yaani tunabaki hapa hapa. Na Anicet, kwa vile kichwani mwake binti akiolewa ni lazima aende, alidhani anazungumzia mpaka siku ya harusi. Dévote naye alijua. Dévote alimfungia mizigo, akamwacha asafiri, maana aliona kuna watu hawafundishiki wakiwa wamekaa nyumbani.

Furaha ilimpanda ghafla, akataka kupiga kelele. Belyse haendi popote. Meza yao haitapungua mtu, itaongezeka. Aligeuka ili aseme neno, akamwona Severin. Hapo Anicet huacha kucheka anaposimulia.

Severin alikuwa anaitazama ile kofia. "Hii aliifuma mama yake," alisema. "Amefariki mwaka juzi. Mimi sikuombi msichana, bamwana. Hao wameshaombana wenyewe. Nakuomba wewe. Bertrand anakula polepole. Toka utotoni. Watu humwondolea sahani wakidhani ameshiba, na yeye hasemi. Msimwondolee."

Anicet alitafuta hotuba yake. Alikuwa na kasoro kumi na moja, alizihesabu mwenyewe, na hakuiona hata moja.

"Sitamwondolea," alisema.

"Na akinyamaza, si hasira. Anafikiri tu."

"Nitamwacha afikiri."

"Huko kwenu kuna milima?"

Lilikuwa swali jepesi la kudanganyia. Tangu asubuhi Anicet alikuwa amedanganya kwa mambo madogo kuliko hilo.

"Hakuna hata mmoja," alisema. "Ni tambarare mpaka baharini. Utamuuma mwili mzima huo utambarare. Mimi uliniuma miaka, na mpaka leo sijauzoea. Lakini nitakuwa pale. Siku ukimuuma nitajua ni nini, sitamuuliza maswali."

Severin aliitikia kwa kichwa. Akaushika mkono wa Anicet kama wazee wa kwao wanavyoshikana wakiwa na mazungumzo, akauweka juu ya ile kofia. Machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. Anicet hakuutoa mkono wake. Kiti kilishtuka, kikaanza kwenda. Wale bibi wawili walikuwa wanapanda tena kwenye viti vya upande wa pili, wakawapungia, na wazee wawili wakawapungia kwa mikono iliyobaki.

Anicet aliona aibu ambayo haikuhusu ovaroli. Alikuwa ametoka Texas ili amnyime mtu huyu mtoto, na sasa anarudi Texas akiwa amemchukulia wa kwake. Severin alimshukuru mara tatu kabla kiti hakijafika chini.