Hina ya Kumpokea Bwana Afya

Hamisa alimbeba mwanawe kwa viwiko. Alimkumbatia kwa mikono ya juu, viganja vikining'inia pembeni kama si vyake, na aliyemwona mara ya kwanza alidhani ni maringo. Mdogo wake Mwasiti alijua si maringo. Walikaa benchi moja katika banda la kubangua korosho, nje kidogo ya mji wa Mtwara, na alikuwa ameyaona yote tangu yalipoanza.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Azimio la Arusha. Korosho zilikaangwa uani, zikaletwa ndani zingali na joto, na wanawake wakazipasua kwa kirungu juu ya jiwe. Ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza. Hayaunguzi kama moto, ukaruka. Yanaingia polepole, ngozi inapiga weusi, inatoka malengelenge, kisha inabambuka. Zamani kila benchi lilikuwa na kopo la majivu na la mafuta ya nyonyo ya kujipaka vidoleni. Thabiti, mnyapara, akayaondoa.

"Majivu yanachafua korosho," alisema. "Nani atanunua majivu?"

Hamisa alikuwa mwepesi wa kazi kuliko wenzake, kwa hiyo aliungua kuliko wenzake. Akinawa, maji yaliyatandaza tu yale mafuta. Siku moja alitoka bandani akamwogesha mwanawe Shaibu, na kesho yake shingo ya mtoto ikatoka malengelenge, yamepangana kama vidole.

Bi Somoe, mama mkwe wake, hakuuliza mengi. "Mikono inabambuka, na sasa mtoto naye ameanza. Huo ukoma, mwanangu. Sikulaumu, ni mapenzi ya Mungu. Lakini Ijumaa namchukua mjukuu wangu, nakwenda naye kijijini Kitaya."

Mume wa Hamisa akatazama chini.

Basi iliposikika kwamba bwana afya anakuja Alhamisi kukagua banda, Mwasiti alimshukuru Mungu. Neno moja tu la mtu wa serikali, na Bi Somoe angeiacha safari yake.

Jumatano alasiri, kazi ilipokwisha, wanawake walibaki uani. Mgeni hapokewi kwa mikono michafu. Hakuna aliyehitaji kuwakumbusha. Huyu alileta majani ya hina, yule ndimu, wakatwanga, wakaanza kupakana.

"Hamisa, lete mikono," alisema Yustina, mtani wake. "Au unataka bwana afya akimbie?"

"Akikimbia wewe si utamfuata? Mume unatafuta mwaka wa ngapi huu."

Wakacheka, na Hamisa akacheka nao. Mwasiti ndiye aliyempaka. Ndimu ilipogusa nyama, machozi yalimtoka dada yake, ila mkono hakuuvuta.

"Dada, weusi wote umepotea."

"Ndiyo vizuri," alisema Hamisa.

Mwasiti akaitazama ile mikono myekundu, na moyo wake haukutulia, asijue kwa nini.

Bwana afya alikuja, kijana wa kaptula nyeupe na soksi ndefu. Aliwaambia wanyooshe mikono. Wakainyoosha, migongo ya mikono juu, wekundu unang'aa benchi hadi benchi.

"Niliambiwa hapa kuna vidonda," alisema. "Mbona naona maharusi watupu?"

Thabiti akacheka wa kwanza. Wanawake wakafuata kwa adabu. Hapo ndipo Mwasiti alipojua moyo wake ulikuwa ukimwambia nini. Akamtazama dada yake aseme, lakini Hamisa aliinamisha kichwa. Kumlalamikia mgeni aliyekwisha kukusifu ni utovu wa haya. Bwana afya akageuka kwenda zake.

Shaibu, aliyelazwa juu ya kanga chini ya benchi, akaanza kulia. Hamisa akainama, akamwinua kwa viwiko.

"Bwana afya," Mwasiti akaita. "Samahani. Mwambie dada yangu ambebe mwanawe kwa viganja."

"Binti, kaa kitako," alisema Thabiti. "Mgeni ana safari."

"Mwambie tu."

Hamisa alimtazama mdogo wake kama anayevuliwa nguo mbele za watu. Kisha akaketi, akamlaza mtoto mapajani, akavigeuza viganja juu. Hina ilikuwa imejikusanya ndani ya mipasuko, na katikati nyama ilikuwa wazi.

Bwana afya akapiga goti. Akatazama viganja, akatazama shingo ya mtoto.

"Nini hii, mama?"

"Korosho," alisema Hamisa. "Nyumbani wanasema ukoma."

Kijana akaokota njiti ya ufagio, akamgusa kiganjani taratibu. Hamisa akaruka.

"Mwenye ukoma nyama yake hufa ganzi," alisema. "Huyu anasikia kila kitu." Akainua macho. "Na nyie wengine?"

Viganja vikageuzwa kimoja kimoja. Yustina aligeuza vyake mwisho, na hakuwa na utani.

Jioni ile bwana afya alikwenda mwenyewe kwa Bi Somoe, akayarudia maneno yale. Bi Somoe alikifungua kifurushi cha safari, akatoa nguo za mtoto, akazirudisha kambani.

Makopo ya majivu na nyonyo yakarudi bandani. Hamisa hakurudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilipona vikiwa vimekunjamana, na hospitali haikuweza kuvinyoosha. Viganja vilipoota ngozi, alimwita Mwasiti aje aone, akamtia mwanawe viganjani kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Mtoto akahangaika, akalia, akajisukuma juu hadi alipokipata kiwiko. Hapo akatulia.