Gauni la Mteja

Mtihani wa mdomo ulikuwa huu: mwelezeni mtahini, kwa Kifaransa, mambo mliyokuwa mkiyafanya nyumbani zamani, siku nenda siku rudi. Atakayefaulu anatoka chumba cha kufulia cha hoteli, anahamia mapokezi. Dobi alikuwa amemaliza miaka tisa ndani ya mvuke ule, na asubuhi hiyo aliwatangazia wenzake bila kupepesa: mimi leo natoka.

Aliingia wa nne, kifua mbele.

"Kila Jumapili bibi yangu alikuwa akioka keki," alianza, maneno yakiteleza kama sabuni. "Paka wake mweupe alikuwa..."

"Basi, basi!" Mtahini aliinua mikono. "Huyo bibi nimeshakutana naye mara tatu tangu asubuhi. Na paka wake."

Meneja wa hoteli, aliyekaa pembeni, akaangua kicheko. Kumbe mwalimu wao wa Kifaransa aliwapa wote insha moja, nao wakaikariri neno kwa neno. Watu wazima, jamani!

Dobi naye akacheka. Bibi mwenyewe hakuwahi hata kumwona.

"Mnataka ya kwangu? Haya, tegeni sikio," alisema, akaendelea kwa Kifaransa kilekile.

Mama yake naye alikuwa dobi, akiwafulia watu nyumbani. Kila Jumamosi, kabla ya kupeleka nguo, alikuwa akichagua gauni la mteja lililo zuri kuliko yote, akilivaa, akijizungusha mbele ya kioo, binti yake akimpigia makofi. Kisha alikuwa akilivua, akilipiga pasi upya na kulikunja, kimya.

Meneja akaacha kucheka. "Na wewe? Nguo za wageni wetu huwa unazivaa?"

Loo! Sasa hata kazi aliyokuwa nayo ilikuwa hatarini. Lakini hakuinamisha macho.

"Hata siku moja, bosi. Mama alipofariki nilimnunulia gauni la kijani, jipya, nikamvika. Hilo hakulivua."

Sauti ilikatika. Kifaransa hakikukatika.

Mtahini aliandika alama, akamsogezea meneja karatasi. Meneja akaisoma, akakohoa.

"Jumatatu, saa moja kamili, mapokezi. Kesho upite kwa fundi akupime sare."

"Mpya?"

"Mpya. Yako mwenyewe."

Hapo ndipo Dobi alipolia.