Kilomita Tatu Zilizozidi

Kutoka nyumbani kwa mzee Tokuji mpaka nyumba ya kutunzia wazee kule mjini, aliko mkewe, ni kilomita thelathini na moja, barabara imenyooka katikati ya mashamba ya ng'ombe, haina kona ya kumpoteza hata mlevi. Kwenda na kurudi, sitini na mbili. Mzee aliijua hesabu hiyo kuliko jina lake, maana aliendesha lori la maziwa huku huku Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwa miaka thelathini na minane. Mpaka leo, na miaka yake themanini na moja, hatoki uani asubuhi kabla hajairudisha mita ya safari kwenye sifuri.

Ndiyo maana Chizuru, binti yake anayeishi naye, alishtuka jioni moja ya Januari alipoingia kwenye gari la baba yake ili alisogeze, apate kuzoa theluji. Mita ilisoma sitini na tano.

Siku ya kwanza alipuuza. Siku ya pili, sitini na tano. Siku ya tatu akaenda kuchungulia makusudi, ikawa ile ile. Kilomita tatu za nini? Njia nzima hakuna duka, hakuna bafu la umma, hakuna rafiki wa mzee aliyebaki hai. Chizuru ni mpishi wa shule, mtu wa kupima kila kitu kwa gramu, na jambo lisilopimika humnyima usingizi. Akaanza kumshuku baba yake, na mwanamke huyu akishaanza kushuku hajui kuacha.

Jirani yao, Bibi Mitsue, naye akatia chumvi yake.

"Baba yako siku hizi anaendesha kama anasindikiza jeneza," alisema wakizoa theluji, kila mmoja upande wake wa ua. "Juzi tulikuwa nyuma yake na kaka yangu. Kaka kapiga honi mpaka mkono umechoka."

"Anafuata sheria, Bibi. Pale ni hamsini."

"Ile haikuwa hamsini, mwanangu. Ule mwendo wa kobe. Mwanamume akienda hivyo, ama ana mtu wa kumwangalia njiani, ama hajui tena anakokwenda."

"Wa kumwangalia ni mama yangu tu."

"Basi ndiyo hilo la pili."

Hilo la pili ndilo lililomkaa Chizuru rohoni. Angekuwa na mwanamke huko njiani, angemsamehe, tena angecheka. Lakini mzee anayezunguka mashambani kilomita tatu asikumbuke hafai kuachiwa usukani, na kumwondoa kwenye usukani si jambo dogo. Basi la kwenda mjini hupita Jumanne na Ijumaa tu. Tokuji alikwenda kila siku kumlisha mkewe Fumi chakula cha mchana, kwa kuwa mama huyo aliwabania wauguzi mdomo na kuufungua kwa mumewe peke yake. Kumnyang'anya mzee gari ilikuwa kumnyang'anya mama chakula.

Basi Chizuru akaanza kumtega.

"Leo njiani kulikuwaje?"

"Theluji."

"Hukupitia popote?"

Mzee aliweka vijiti vyake chini, akamtazama. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, Baba."

Hakuimaliza supu yake ya miso, na hilo nalo Chizuru akalihesabu. Akahesabu pia kwamba siku hizi mzee akirudi huzima gari, akabaki ndani dakika kumi nzima ameinamia usukani. Alimchungulia kupitia dirisha la jikoni, na kila alichokiona kilikuwa ushahidi.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akamfuata kwa gari lake mwenyewe. Aliona aibu, lakini alimfuata. Mzee alikwenda moja kwa moja, akaegesha, akaingia kwa mkewe, akatoka, akarudi moja kwa moja. Hakukata kona hata moja. Polepole alikwenda, hilo Bibi Mitsue hakusema uongo. Mshale wa Chizuru ulikaa arobaini na saba safari nzima. Walipofika nyumbani mita yake ilisoma sitini na mbili. Akasubiri mzee aingie ndani, akachungulia ya baba yake. Sitini na tano.

Ijumaa asubuhi mzee alisema anakwenda mjini kwa basi.

"Kwa basi? Na gari?"

"Nina shughuli. Nitampitia mama yako baadaye."

"Shughuli gani?"

"Yangu."

Hilo pia Chizuru hakulipenda. Ila gari lilibaki uani, naye alipotoka kazini saa tisa alilichukua, akalipeleka kwa fundi Kuwabara, akamweleza yote. Kuwabara alichutama, akapangusa tairi kwa glavu, akacheka.

"Dada, hizi si ulizoniletea mwenyewe Desemba?"

"Ndizo. Mwenzangu kazini aliuza gari, akanipa za theluji na ringi zake. Nikampa Baba."

"Nikakwambia ni ndogo kidogo kuliko za gari hili. Ukasema, mradi zinaingia."

"Ndogo zina ubaya gani?"

"Gari haliioni barabara. Linahesabu mizunguko ya gurudumu, basi. Tairi dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile, kama mtoto anayetembea na baba yake. Ukienda sitini na mbili, mita inakuhesabia sitini na tano. Na mshale ukisema hamsini, wewe uko arobaini na saba. Mzee wako ni mzima, anauamini mshale tu."

Chizuru alirudi akilia na kucheka peke yake garini. Alimkuta baba yake amefika, ameketi kwenye meza yenye hita ya umeme chini yake, koti bado mwilini.

"Baba, ni tairi," akasema, akamwaga yote bila kupumua. "Zile nilizokupa mimi. Hukupotea hata siku moja."

Tokuji alifungua vifungo vya koti. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa na muhuri wa polisi.

"Nimeirudisha leseni leo."

"Nitakwenda kuwaeleza. Watakupa."

"Ukiirudisha umeirudisha, Chizuru. Nimetia sahihi." Alivua kofia. "Nilikuwa naiona sitini na tano kila siku. Nakaa garini naitafuta hiyo tatu, nimeiacha wapi. Sikumbuki. Nikajiambia labda mita imeharibika. Mtu hujitetea."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini?" Alisema taratibu, bila ukali. "Halafu jana nikakuona kwenye kioo, nyuma yangu, toka hapa mpaka mjini. Nikasema basi, si mimi peke yangu. Mtoto naye ameona."

 Funguo za gari bado zilikuwa mkononi mwa Chizuru.