Salamu Kwenye Mlango wa Themanini

Ofisi ya chama cha wafuga nyuki mjini Siakago ilikuwa na watu watatu, na wawili kati yao hawakuwa wakisemezana. Mmoja alikuwa Mzee Nyamu, mwenyekiti. Wa pili alikuwa Mwongera, kijana wa Kianjai aliyeajiriwa kutunza kompyuta na tovuti ya chama. Katikati yao aliketi Cicily, karani, na maskini huyo ndiye aliyebeba maneno.

"Cicily, ambia huyo mtu wa kompyuta afunge dirisha, vumbi inaingia."

"Mwongera, mzee anasema ufunge dirisha."

"Mwambie mzee nimefunga."

"Mzee, amefunga."

Na dirisha lenyewe lilikuwa mbele ya macho ya wote watatu!

Hawakuwa wamegombana. Afadhali wangegombana, wangepatanishwa na mambo yakaisha. Mwongera alimpenda Carol, binti pekee wa mzee, mwalimu kule Kanja, na siku ya Pasaka Carol akamleta nyumbani kumjulisha kwa wazazi. Sasa, Mwongera alilelewa na baba asiyependa mchezo, aliyemfundisha kwamba mdogo hafungui mdomo mpaka mkubwa aanze. Mzee Nyamu naye alishikilia kwamba anayefika kwa mtu ndiye husalimu. Basi wakasimama uani wakitazamana, kila mmoja akingojea heshima yake, mpaka chai ikaletwa, ikanywewa, ikaisha. Mzee akaenda kuangalia mbuzi na Mwongera akaenda zake.

Mwezi uliofuata wanachama, bila kujua wanalofanya, wakamchagua Mzee Nyamu kuwa mwenyekiti, akaja kuketi ofisi ile ile. Kila asubuhi ilikuwa vigumu zaidi kuanza kuliko asubuhi iliyopita. Na Mwongera alitaka kuwaleta wazee wa kwao kwa kina Carol kuposa kabla ya Desemba. Utawaletaje wazee kwa mtu ambaye hata hali hamjajuliana? Jambo hilo lilimkosesha raha, akawa hata chakula anakitazama tu.

Ndipo amri ikaja, kwa kupitia Cicily kama kawaida.

"Ambia huyo chama inataka imeli yake, yenye jina ya chama. Lakini asiweke programu ya pili kwa hiyo mashine."

Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, na mara ya mwisho ilipoongezewa programu ilizimika katikati ya mkutano mkuu. Mtu mwenye akili timamu angekataa kazi hiyo. Lakini Mwongera alikuwa na mkwe wa kumpendeza, akaamua kuiingiza barua pepe ndani ya seva ya tovuti yenyewe, programu iliyokuwa tayari kwenye mashine, kama mtu anayefungua posta ndani ya duka la unga. Seva ina milango yenye nambari. Wageni wa tovuti hupita mlango wa themanini, na barua hupita mlango wa ishirini na tano. Akaandika kipande cha programu cha kusimama mlangoni, kimshike mgeni wa barua na kumhudumia kabla seva haijaanza mambo yake ya tovuti. Alipomaliza akampigia Carol atume barua ya kwanza.

"Nimetuma. Umepata?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Bado, mpenzi. Ngoja."

Kwenye skrini aliona kituko. Mgeni, yaani mashine iliyoleta barua ya Carol, alikuwa amefika mlangoni, na seva ilikuwa macho, lakini hakuna aliyesema neno. Baada ya muda mgeni alichoka akaondoka, akarudi, akasimama tena kimya.

Mwongera akajipiga kofi la paji la uso. Kwenye tovuti mgeni ndiye huanza kusema: nipe ukurasa fulani. Kwenye barua ni kinyume. Mwenye nyumba ndiye hutangulia kwa nambari 220 na maneno mawili matatu ya kukaribisha, kisha mgeni hujitaja. Kile kipande chake kilikuwa kikingoja mgeni aanze, na mgeni anamngoja mwenyeji.

"Aki Carol, hii mashine ni mimi na baba yako," akasema.

Carol alicheka mpaka simu ikamponyoka. Mwongera alijaribu kucheka, akashindwa.

Akakiamuru kile kipande kitangulie kusalimu. Kilitaka maneno ya kusema, na maneno hayo husomwa na mashine tu, hakuna binadamu anayeyaona. Cicily na mzee walikuwa wametoka. Basi akaandika yale aliyoshindwa kuyasema tangu Pasaka: "220 Habari yako, baba Carol. Ni mimi Mwongera. Siku ile nilitaka kukusalimu nikaogopa. Tafadhali nipokee."

Barua ya Carol ikaingia papo hapo. Mwongera akaruka kwa furaha, akaenda kula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Alichosahau ni kukiambia kile kipande kisimame mlango upi, na chenyewe kikasimama kwenye yote miwili, hata ule wa themanini wa wageni wa tovuti.

Aliporudi alimkuta Cicily nje ya ofisi, kiganja mdomoni.

"Mzee alikuwa anaonyesha mama mmoja wa Meru, mnunuzi wa asali, mizinga yetu kwa tovuti, kwa simu," Cicily akanong'ona. "Hakuwa na miwani. Akampa simu, akamwambia soma kwa sauti, uone vile chama yetu imeendelea."

"Na akasoma?"

"Yote. Hata ile mia mbili na ishirini."

Mwongera akageukia barabara. Angekimbia, lakini mzee alikuwa ameshamwona.

"Cicily," mzee akaita, halafu akasita. "Wewe enda unywe chai."

Mwongera akaingia peke yake, akasimama. Mzee alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Mzuri," mzee akasema.

Mwongera hakuelewa.

"Nimesema mzuri. Si umeniuliza habari?" Mzee akakohoa. "Umetoka kwa nani?"

"Kwa Mzee Kiunga, wa Kianjai."

"Na umekuja kwa nani?"

"Kwa Carol, baba."

Mzee akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Mimi nilinyamaza nikisema huyu atachoka, aende zake, mtoto yangu abaki. Halafu juzi ukakosa kuja kazi. Nikaketi hapa naangalia hiyo kiti yako, nikaogopa umechoka kweli."

Siku hiyo Mwongera alikuwa ameenda kung'olewa jino. Alitaka kueleza, lakini machozi yalimtangulia.

"Sijachoka, baba."

"Basi lete wazee wenu," mzee akasema, akitazama chini. "Lakini wasikuje haraka sana."

Mwongera akavuta kiti, akaketi karibu naye.