Jamu Isiyo na Sumu

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, malori ya Dar es Salaam yalipanda mpaka Lushoto kufuata nyanya, na wenye malori hawakutaka nyanya yenye doa. Abubakari akajifunza kupiga dawa. Akitoka shambani na bomba mgongoni, mkewe Hadija alikuwa ameshamtengea maji ya kuoga, akilalamika kwamba harufu haitoki hata kwa sabuni.

Hadija alipogunduliwa kuwa na kisukari, Abubakari hakumuuliza daktari chochote. Alishapata jibu lake: ni zile dawa. Sumu ilikuwa imeingia nyumbani kwa mashati yake.

"Marehemu mama naye alikuwa nao ugonjwa huu," Hadija alimwambia. "Na yeye hakulima nyanya."

Abubakari hakusikia. Hata kabichi za shambani kwake akaacha kumletea.

Hadija alipenda vitu vitamu tangu utoto. Sasa alikunywa uji mtupu huku amekunja uso, na kwenye shughuli za majirani alianza kutoa udhuru, asione wenzake wakila.

Siku moja sokoni Abubakari aliikuta meza ya kikundi cha wakulima wa Rangwi. Muuzaji, Silvano, alikuwa amepanga chupa za jamu ya pichesi, kila moja na lebo yenye picha ya jani na maneno "Kilimo Hai".

"Maana yake nini?" Abubakari aliuliza.

"Matunda haya hayakupigwa dawa, mzee, wala hatutii mbolea ya chumvichumvi ya viwandani. Mkaguzi huja kutazama mashamba yetu."

"Kwa hiyo hamna sumu humu."

"Hamna."

Abubakari hakuuliza zaidi. Silvano naye hakujua jamu ile inakwenda kwa nani.

Hadija aliigeuza chupa, akasoma maandishi madogo ya nyuma. "Baba Salma, humu wametia sukari."

"Ni ya kilimo hai. Haina sumu. Kula tu."

Akachovya kidole, akalamba, akafumba macho. Abubakari alikuwa hajamwona mkewe akitabasamu vile kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo jamu haikukosekana nyumbani.

Kisha Hadija akajikata mguuni kwa jembe. Kilikuwa kidonda kidogo, lakini kilikataa kupona, kikanuka, kikawa cheusi. Wodini, muuguzi Efrazia aliuliza mgonjwa anakula nini. Abubakari akatoa chupa kwenye kikapu. Aliitoa kwa fahari.

Efrazia aliisoma mbele na nyuma.

"Baba, lebo hii inasema matunda yalilimwaje. Ni kweli, hayana dawa. Lakini jamu hupikwa kwa sukari nyingi. Na sukari, hata iliyolimwa kwa samadi, kwa mama ni ileile."

"Lakini nilimuuliza muuzaji. Alisema haina sumu."

"Alikwambia kweli, baba. Kwako wewe haina."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Abubakari alikaa kando ya kitanda siku nzima. Jioni akamwinamia mkewe.

"Nimekuua, mama Salma."

"Acha hayo." Hadija alikuwa akitazama ukuta. "Nilijua. Niliisoma mwenyewe, si ulinisikia? Nilitaka kitu kitamu, na wewe ukanipa ruhusa. Nikanyamaza."

Alimpa mkono, naye akaushika. Hawakuongea tena juu ya jambo hilo.

Hadija alifariki mvua za masika zilipoanza. Waliokuja msibani walipouliza, Abubakari alijibu kwamba ni kisukari, na hakuongeza neno. Salma, binti yao, alikuja kutoka Muheza akakaa mpaka arobaini ikasomwa. Mara nyingi alimkuta baba yake ameketi kitandani, upande aliokuwa akilala mama. Alirudishia mlango taratibu, akamwacha.