Ndovu Aliyekosa Miguu

Kompyuta ilipoingia nyumbani kwa Gilbert Mwandawiro pale Voi, mwaka wa 1986, haikuja kwa unyenyekevu. Ilipakatwa na mwenyewe ndani ya pikapu ya kuazima, imeviringishwa blanketi, Gilbert akimkaripia dereva kwa kila shimo la barabara. Alikuwa amepewa na Mzungu mmoja mtafiti wa ndovu aliyekuwa akirudi kwao. Mzungu alimwambia achague kitu kimoja: kitanda, friji au kompyuta. Gilbert, karani mkuu wa shamba la mkonge, mtu asiyependa kuonekana na vitu walivyo navyo wengine, aliiacha friji. Katika joto la Voi! Jerusha, mkewe, aliililia friji ile kimyakimya huku akikatakata vitunguu, akamaliza.

Alipoona kompyuta inawekwa wapi, hakulia tena. Alikasirika. Kompyuta yenyewe ilikuwa kibao tu cha herufi. Ilitaka televisheni ya kuonyeshea na redio-kaseti ya kuisomea programu, na vyote vilitaka kuwa karibu na soketi ya pekee ya sebuleni. Hapo ndipo ilipokaa cherehani ya Jerusha. Gilbert alikikunja kichwa cha cherehani, akakizamisha ndani ya meza yake, akarudisha ubao juu, akapanga mitambo yake.

"Na mimi nitashonea wapi, Baba Wakio?"

"Mama Wakio, hii kitu ikianza kazi hutahitaji kushona tena."

"Kwani itashona yenyewe?"

"Wewe ngoja tu."

Jerusha hakuwa na nafasi ya kungoja. Chini ya kitanda alikuwa na mzigo wa vitambaa vya majoho ya kwaya ya Sagalla, yaliyotakiwa kabla ya sikukuu ya mavuno. Pale mjini watu walimwita fundi. Hawakumwita mke wa karani. Jina hilo alilipata kwenye meza ile, na bila meza hakuona atalishikiliaje.

Tuseme ukweli, siku ya kwanza kompyuta iliwaka. Kaseti ililia kama paka aliyebanwa mlangoni, kisha mstari kwa mstari, kuanzia juu, akajichora ndovu mzima kwenye televisheni, mgongo, masikio, mkonga, hadi kucha za miguu. Gilbert aliwaita majirani, lakini walipofika alikuwa ameshaizima kwa kuogopa kuichosha. Kwa hiyo mashahidi wakawa yeye na mkewe tu.

Kesho yake akaona vumbi. Vumbi la Voi ni jekundu, nalo halibishi hodi. Gilbert akaamuru kompyuta ifumiwe kitambaa, na hapo hakuna aliyeshangaa, maana katika nyumba ile kila kitu kilivaa kitambaa cha kufuma: makochi, redio, chupa ya chai, hata saa ya ukutani. Jerusha akafuma kimoja kikubwa cha kompyuta, kimeandikwa KARIBU MGENI kwa uzi mwekundu, na kingine kidogo cha kile kisanduku cheusi cha umeme kilicholala sakafuni. Gilbert akapitisha sheria kwamba vitambaa hivyo haviondoki, iwe imewashwa iwe imezimwa. Akitaka kubonyeza herufi aliingiza mikono chini ya kitambaa, kama mtu anayemwibia mayai kuku aliyeatamia.

Tangu siku hiyo ndovu hakukamilika. Kaseti ilipiga kelele zake, mgongo ukatokea, masikio yakatokea, halafu televisheni ikajaa chenga na kompyuta ikasahau kila kitu. Akirudia mara hiyo hiyo, hata mgongo hautokei. Wala Gilbert hakujiuliza ni nini kilichobadilika tangu siku ya kwanza. Swali kama hilo lilikuwa rahisi mno kwa mtu wa cheo chake.

Akaitwa Danson, fundi wa redio karibu na stesheni. Danson aliinua televisheni, akaipiga makofi mawili mgongoni, akasema masafa yamegongana. Gilbert akamuuliza kama hataitazama kompyuta yenyewe. Danson alisoma KARIBU MGENI kwa heshima, akakigusa kitambaa kwa kidole kimoja, akasema kwa kweli imetunzwa vizuri.

Akaitwa Kituku wa reli, aliyejulikana kwa kujua mambo ya nyaya. Yeye alisema nyumba haina ardhi ya kutosha. Akachimbia nondo uani, akaifunga waya, akaagiza imwagiliwe maji kila asubuhi ili umeme upate njia. Kwa hiyo Jerusha, katika mji ambao mchicha wenyewe unaombewa maji kanisani, akawa anapanga foleni na mtungi bombani kwenda kunywesha chuma.

"Kimeota?" jirani mmoja alimuuliza.

"Bado kinashika mizizi," Jerusha akajibu, akapita na mtungi wake.

Siku moja akipangusa vumbi baada ya Gilbert kushindwa tena, Jerusha aliingiza mkono chini ya kitambaa. Aliutoa haraka. Kisanduku cha sakafuni nacho ungeweza kukinyooshea shati. Akamwendea mumewe pale pale.

"Baba Wakio, hiki kitu kinachemka. Labda tukivue nguo kidogo."

Gilbert alicheka hadi akavua miwani. "Mama Wakio, hii si pasi. Hii ni akili. Na vumbi je? Unataka niulishe vumbi mtambo wa maelfu?"

Jerusha alisema sawa. Alikuwa ameshasema mara moja, na hakuona kwa nini aseme mara ya pili.

Wiki hiyo Mchungaji Zephaniah akateremka kutoka Sagalla kuulizia majoho. Alipoona cherehani imezikwa, uso ulimwanguka. "Mama Wakio, mimi sina neno. Lakini kwaya wanasema kama haiwezekani, vitambaa vipelekwe kwa Ngina kule Miasenyi."

Jerusha aliigeukia meza yake. Ngina! Ngina aliyeshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la harusi! Lakini Gilbert ndiye aliyejibu, kwa sauti ya baraza.

"Mchungaji, njoo Jumamosi na wazee wako. Nitawaonyesha ndovu. Asipotokea mzima, naapa mbele yako, kompyuta nitaibeba kwa mikono yangu mwenyewe na meza nitamrudishia Mama Wakio."

Mchungaji, ambaye ndovu walikuwa wameshamlia mahindi yote ya bondeni, hakuonyesha hamu kubwa ya kumwona mwingine. Lakini alikubali.

Baada ya hapo Jerusha alitoa sindano ya kufumia. Alifuma kitambaa kipya, cha uzi wa sufu, maua yamebanana hata upepo usipite, na ndani akatia bitana ya flana aliyoikata kwenye blanketi la zamani. Moyo ulimsuta kidogo alipofikia pindo. Akamkumbuka Ngina, akaendelea.

"Hiki ni cha wageni," alimwambia mumewe.

"Sasa umeanza kuelewa," Gilbert akasema, akakipapasa.

Jumamosi mchana sebule ilijaa. Mama yake Gilbert, Bibi Tryphena, alikuwa ameshuka kutoka Mghange akiwa na sweta lake la huko juu, na hata katika joto lile hakulivua. Mchungaji akaomba, akaombea umeme, akaombea na watafiti popote walipo. Gilbert, ambaye alikuwa ameiwasha tangu asubuhi ili izoee, akatoa hotuba ndefu juu ya maendeleo. Birika la chai liliwekwa mezani likamngoja amalize. Hatimaye akabonyeza kaseti.

Mgongo ukatokea. Watu wakanyanyuka kwenye viti. Sikio moja likatokea, na Jerusha, aliyesimama mlangoni na sinia la mandazi, akasahau kuyagawa. Likaja la pili. Ukaanza mkonga. Alijiona akiupeleka ule mzigo wa vitambaa Miasenyi kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu chenga. Ndovu akatetemeka, akakatika tumboni, akapotea.

"Amekosa miguu," mzee mmoja akasema.

"Afadhali," akasema Mchungaji Zephaniah. "Hatafika shambani."

Waliocheka walicheka kwa adabu, lakini walicheka wote. Gilbert alibonyeza herufi chini ya kitambaa mpaka jasho likamdondoka puani, na televisheni haikutoa hata mgongo. Bibi Tryphena ndiye aliyeinuka. Alilishika birika, akaguna, akaenda kwenye kompyuta, akakivua kitambaa na kulivika birika.

"Chai inapoa," alisema, "na joto lote mmekivisha hiki kidude."

Jerusha alikaza macho kwenye mandazi. Kwa muda mfupi ukweli ulikuwa umesimama katikati ya chumba, unasubiri mtu yeyote aukaribishe.

"Mama," Gilbert akasema kwa upole wa mtu aliyesoma, "hayo ni mambo ya elektroniki. Huwezi kuyaelewa."

Bibi Tryphena alimtazama mwanawe. Kisha akaupindua ukingo wa kitambaa, akaipapasa bitana ya flana kwa vidole viwili, akamtazama mkaza mwanawe kwa muda mrefu zaidi.

"Umefuma vizuri, mwanangu," akasema. "Umefuma kwa nia." Akamgeukia Gilbert. "Uliapa mbele ya mchungaji. Mrudishie mwenzako meza yake."

Gilbert akaibeba kompyuta, kichwa juu, akaipeleka chumbani kuiweka juu ya kabati. Jerusha aliweka sinia chini, akafunua ubao, akakiinua kichwa cha cherehani. Kilikuwa na vumbi. Alikipuliza, akatia mguu kwenye pedali, na gurudumu likazunguka.

"Mama Wakio!" Gilbert aliita kutoka chumbani. "Kitambaa chake kiko wapi? Itaingia vumbi!"

"Nakuja nacho," akajibu. Akawamiminia wageni chai, akakivua kitambaa kwenye birika kikiwa bado na moto, akampelekea.