Namba za Kumwambia Mbuzi

Sahani ya bati ilitoka mlangoni ikisukumwa na ncha ya fimbo, ikakwama kwenye kizingiti. Juu yake palikuwa na mashine ndogo ya kupimia sukari na tone la damu lililokosa njia. Bupe alisubiri mpaka fimbo irudi ndani. Ndipo akatoka nyuma ya ukuta wa jikoni, mtoto mgongoni, kanga usoni, akaichukua sahani bila kutazama ndani, akaenda nayo kwa mbuzi aliyefungwa chini ya mparachichi.

"We mbuzi," alisema kwa sauti ya kufika mlangoni. "Ni kumi na tisa."

Kikatoka kikohozi ndani. "Mbuzi, muulize huyo uliye naye. Jana ilikuwa ngapi?"

"Mbuzi, jana ilikuwa kumi na sita."

"Basi inapanda, na mimi nakula majani kama wewe."

Mbuzi aliendelea kutafuna. Tangu mashine ile ije alikuwa ameambiwa siri nyingi za ukoo kuliko mwenyekiti wa kijiji, na hajawahi kudai posho.

Mzee Alinanuswe alikuwa baba mkwe wa Bupe. Katika ukoo wao mwanamke hamtazami baba mkwe, hamsemeshi, halitaji jina lake. Akikutana naye njiani anaingia migombani mpaka apite. Majirani wengi walishaacha. Kwa Alinanuswe bado, na wazee walisema mwiko utaondoka siku atakapochinjwa ng'ombe mbele yao. Peter, mume wa Bupe, alikwenda Chunya kuchimba dhahabu ili ng'ombe huyo apatikane. Kila aliporudi likizo alileta vumbi la viatuni.

Ugonjwa haukumngoja ng'ombe. Mzee alianza kunywa maji kama anayezima moto tumboni, zahanati wakampima, wakamwambia ni sukari. Bintiye Ikupa, aliyeolewa Ipogolo kule Iringa, akaleta mashine, akamfundisha baba yake kujitoboa kidole, akarudi kwa mumewe. Macho ya mzee yalikuwa na ukungu, namba hakuziona. Mjomba Jailos, kaka wa marehemu mama mkwe, mwiko haukumhusu na macho yake yalikuwa mazima, ila yeye na namba hawakuwahi kuzoeana. Akabaki Bupe, aliyefika kidato cha pili.

Jailos ndiye aliyekata shauri. "Mwiko unamkataza kusema na mkwe. Haukumkataza kusema na mbuzi."

Siku stripu zilipoisha, vile vijiti vinavyochomekwa kwenye mashine kunyonya damu, Bupe alishuka zahanati. Juu ya dirisha la dawa palikuwa na bango: WAZEE KWANZA. Chini ya bango alikaa nesi Violet.

"Stripu hamna. Tangu mwezi uliopita hamna. Nenda duka la dawa."

"Nimetoka huko, sista. Wanasema za mashine hii hawaleti."

"Mashine yenyewe mlinunua wapi?"

"Iringa."

"Basi kampimie Iringa."

Foleni ikacheka. Violet naye alicheka, kisha akauona uso wa Bupe, akashusha sauti. "Sikia, mama. Mwangalie mgonjwa wako. Mwangalie nyayo kila siku, na katikati ya vidole. Ukimwangalia utajua."

"Nimwangalie mimi?"

"Kwani hayo macho ni ya nini?"

Ikupa, alipopigiwa simu, alisema atatuma kwa basi. Asubuhi iliyofuata hakuna kilichokuwa kimefika, na mzee alikuwa ameshakaa mlangoni anangoja.

"Mbuzi, mbona kimya leo? Usinifiche. Ikipanda tena naacha kula kabisa."

Bupe aliichukua stripu ya jana, akaiosha kwa maji ya vuguvugu, akaikausha kwenye mfuniko wa sufuria, akaichomeka. Mashine ikalia pii. Kwenye kioo ikaja herufi moja tu, E. Sahani ikaingia, sahani ikatoka. Herufi ilikuwa palepale, na damu mbichi pembeni yake.

"We mbuzi," alisema. "Ni nane."

Alikusudia iwe ya siku hiyo tu.

"Nane!" mzee alisema, akasahau hata kumtanguliza mbuzi. "Nane!"

Kesho yake ikawa saba. Mzee akala uji wote. Ikafika sita, akaanza kuimba nyimbo za kanisani wakati wa kunawa. Jikoni, Bupe aliosha stripu ileile mpaka rangi yake ikafifia, na kila alipoiosha alijiambia basi la Iringa litafika leo.

"Mbuzi," mzee alitangaza asubuhi moja, "mwambie huyo, vidonge nimeacha. Mtu hamezi dawa ya ugonjwa ulioondoka. Na aniwekee ndizi mbivu."

Bupe alisimama na mkungu mikononi mpaka mtoto akaanza kulia. Aliziweka ndizi.

Jioni Jailos alileta chungu cha kimpumu, wakaketi uani mashemeji wawili, mirija miwili, pombe moja.

"Una mkwe mwenye mkono wa baraka," Jailos alisema kwa sauti, ili ukuta wa jikoni usikie. "Wengine wanakwenda mpaka India."

"Mjomba," Bupe aliita kutoka nyuma ya ukuta.

"Nini?"

"Zile namba."

"Zimepanda?"

Milio ya mirija ilikoma. Bupe aliisikia pumzi ya mzee, ile ya mtu anayengoja hukumu.

"Hapana, mjomba. Ni sita."

"Ndaga!" alipaza Jailos shukrani yake. "Tunywe basi."

Julai ikaja na baridi yake. Mzee alilala na jiko la mkaa kando ya kitanda chake, miguu juu ya joto. Bupe alipokuwa anaanua nguo alisikia harufu kama ngozi ya ng'ombe inayoungua.

"Mbuzi, kuna nini kinaungua ndani?"

"Mbuzi, mwambie aende zake. Sisikii maumivu popote."

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mwanga wa jiko ulikuwa umefika hadi kwenye vidole vya miguu vya Bupe. Hatua moja ingetosha. Aliinamisha macho kama alivyofundishwa, akazichukua nguo zake, akarudi jikoni.

Aliyeona ni Jailos, siku harufu ilipobadilika. Mguu wa kulia ulikuwa mweusi hadi kifundoni.

Hospitali ya mjini Mbeya walifika kwa Noah ya kukodi, mzee amelala kiti cha katikati, Bupe nyuma kabisa, blanketi limetundikwa kati yao. Wodini aliachwa koridoni, ameupa mlango mgongo. Kila neno alilisikia.

"Nyumbani alikuwa anapimwa?" daktari aliuliza.

"Kila siku," alisema Jailos. "Sita. Saba ikizidi sana."

"Mimi hapa napata thelathini na moja."

"Basi mashine yenu mbovu, daktari."

"Nani alikuwa anapima?"

"Huyo nje. Lakini hawezi kuingia."

"Nataka kumuuliza mwenyewe."

"Niulize mimi. Mimi ndiye msemaji."

Bupe aliukazia macho ukuta wa koridoni. Midomo yake iliachana, ikafungana. Mlango nao ulifungwa.

Siku ya pili baada ya upasuaji alitokea mhudumu, Sosthenes, amebeba kitu kirefu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ndugu wa mzee wa mguu ni nani? Tanuri letu la kuchomea viungo limeharibika tangu Pasaka. Kila mtu anaondoka na cha kwake."

Jailos alirudi nyuma. "Shemeji habebi mwili wa shemeji. Mpe huyo."

"Mjomba, mwiko..."

"Mtazame huyu baba, ana kazi zake. Pokea, mwanangu."

Alipokea. Alikizungushia kitenge, akafunga fundo. Mguu ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Katika miaka yake yote ya ndoa, hiyo ndiyo mara ya kwanza alimgusa baba mkwe wake.

Nyumbani, mzee akiwa bado wodini, wazee wanne walikuwa wameshaketi uani kwenye vigoda. Bupe alisimamishwa ukingoni mwa migomba, mtoto mgongoni, kitenge begani.

"Swali ni hili," alianza mmoja. "Mguu ni mkwe, au si mkwe?"

"Kama si mkwe ni nini? Ni kuni?"

"Basi huyu kavunja mwiko. Kambeba."

"Katumwa!"

"Katumwa, ndiyo, lakini kabeba. Atoe ng'ombe wa kusafisha. Asiuweke chini, ni matusi. Asiingie nao uani, ni matusi pia."

"Wazee wangu," alisema Bupe. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Zile namba nilizitunga. Stripu ziliisha. Nilikuwa namdanganya."

Jailos alimgeukia, uso umekunjamana. "Nyamaza wewe! Huoni umembeba mkubwa? Unapiga kelele sikioni kwake?"

Wakarudi kwa ng'ombe: atoke kwa baba yake Bupe, au atoke Chunya. Mmoja alitaka dume, mwingine akasema mtamba. Manyunyu yakaanza. Vigoda vikasogezwa chini ya upenu, maneno yakaendelea. Bupe aliuhamisha mzigo bega la pili. Mtoto akaamka, akachungulia, akanyoosha mkono juu ya bega la mama yake, akalishika lile fundo la kitenge, akaanza kulifungua.